Fundi Mwenye Pini Mdomoni

Fundi aliolewa mara ya pili akiwa na miaka hamsini na sita, na mtaa mzima ukawa na la kusema. Kuna waliosema amechelewa, kuna waliosema ana haraka, na dada yake mkubwa, ambaye hajapata kumaliza siku bila kutoa ushauri asioombwa, aliuliza swali moja tu: mwanamume sawa, lakini mbwa wa nini?

Maana bwana harusi hakuja mikono mitupu. Alikuja na redio, tochi ndefu ya kazini, begi moja lenye zipu mbovu, na mbwa. Watu walimwita Afande kwa sababu alilinda ghala miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo hakuibiwa hata msumari. Hilo la msumari mtu yeyote aliyewahi kukaa naye dakika tano alishalisikia. Ghala lilipowekewa kamera, wenye mali walimshukuru Afande, wakamshukuru na mbwa, kisha wakawatoa wote wawili getini. Sasa alikuwa na geti la hospitali, zamu ya mchana, na hospitalini mbwa hatakiwi. Kwa hiyo Sajini, ndilo jina la mbwa, alishinda nyumbani.

Na nyumbani kulikuwa na paka.

Paka aliitwa Pamba. Alikuwa mweupe, mnene, mwenye maringo, na alilala juu ya vitambaa vya wateja utadhani vimeletwa kwa heshima yake. Fundi alimchukua akiwa kitoto cha kutosha kwenye kiatu, mwaka uleule aliofiwa na mume wa kwanza, na kwa miaka tisa nyumba ile haikuwa na mwingine wa kuongea naye. Kwa hiyo mtu asije hapa kutuambia kwamba ni paka tu.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka. Kulikuwa na cherehani dirishani, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na kabati refu la nguo zinazosubiri wenyewe. Fundi alikuwa mwepesi wa kazi kuliko mafundi wote wa pale, na alikuwa na tabia moja aliyoirithi kwa mama yake: alifanya kazi na pini mdomoni. Pini nane, wakati mwingine kumi, zimebanwa kwenye midomo kwa safu, na mazungumzo yote yakaachiwa nyusi na sauti ya puani. Wateja wa siku nyingi walishajua ipi ni “mm” ya geuka, ipi ni ya simama wima, na ipi ni ya umenenepa tangu mara ya mwisho.

Mambo ya kuwakutanisha mbwa na paka hawakuyafanya kiholela, tuwape haki yao. Afande alimuuliza daktari wa mifugo, akarudi na maelekezo kichwani kama zamu ya kazi. Wiki ya kwanza wanyama hawakuonana kabisa. Fundi alimpangusa Sajini kwa kitambaa, akamtandikia Pamba kitambaa hicho, na cha Pamba akampelekea Sajini, ili wazoeane kwa harufu kabla ya kwa sura. Wiki ya pili walikula upande huu na upande huu wa mlango uliofungwa. Wiki ya tatu mlango ukafunguliwa nusu, mbwa akiwa na kamba, paka akiwa na njia ya wazi ya kupanda juu ya kabati. Hakuna aliyekaripiwa. Wapo watoto wa watu waliolelewa bila uangalifu wa namna hiyo.

Na ikafaa. Jioni Afande akirudi kazini aliwakuta wamelala kwenye zulia moja, hatua mbili kati yao, kila mmoja akikoroma kivyake. Jumapili vilevile. Siku moja Pamba alimramba Sajini sikio, na Afande akaenda kumhadithia jirani, akaongezea na la msumari.

Lakini mchana! Mchana nyumba iligeuka uwanja wa vita. Binti wa watu anaingia kupima gauni lake, anasalimia kwa adabu, na kabla hajapata pa kukaa Sajini ameshasimama na manyoya ya mgongo yamesimama. Pamba anaruka kutoka kwenye kitambaa kwenda mezani, kutoka mezani kwenda kabatini, mbwa nyuma yake, mkasi chini, kopo la vifungo chini, vifungo vinaviringika hadi barabarani. Binti wa watu yuko ukutani, haguswi hata upindo, lakini roho haipo. Kisha ghafla basi, mbwa anakaa kama aliyekuwa anasubiri basi lake.

Cha ajabu haikuwa kila mara. Mteja mwingine angeingia, Sajini angeinuka, angekaa tena, yakaisha. Na kijana mmoja mkorofi, aliyeingia bila hodi wala salamu na kuuliza suruali yake iko wapi, alipita salama salimini. Mtaa haukukawia kuliona hilo. Ikasemwa kwamba mbwa wa Afande anachukia watu wenye adabu, ukitaka usikione cha moto ingia kwa Fundi kama mhuni. Watu walicheka wakashikilia mbavu, na kwa kuwa lilikuwa la kuchekesha, hakuna aliyekaa chini kulifikiria.

Fundi alimweleza mumewe. Afande alimtazama Sajini, aliyelala na ulimi nje na paka karibu yake, akauliza, “Huyu?” Fundi akasema ndiyo, huyo, mnafiki mkubwa, anakuwa malaika akisikia hatua zako. Afande akauliza kwa upole, upole ule unaoudhi kuliko kelele, kama huenda mchana mbwa anapigwa rula. Siku ile kila mmoja alikula na mnyama wake. Kila mmoja alikuwa na hakika mwenzake anaficha jambo, na tuseme ukweli, mmoja wao alikuwa anaficha kweli, ila mwenyewe hakujua kama linahusika.

Wateja wakaanza kupitishia vitambaa dirishani. Hilo Fundi angelivumilia. Lililomshinda ni Pamba. Pamba aliacha kushuka. Asubuhi duka likifunguliwa tu anapanda juu ya kabati, anajibanza ukutani, hali, hanywi, mpaka jioni. Unene ule wa maringo ulipungua, mifupa ya mabega ikaanza kuonekana, na Fundi kila akiinua macho kutoka kwenye cherehani aliona macho mawili ya kijani yakimtazama kutoka juu, na yeye aliyaelewa yanauliza nini.

“Mbwa aondoke,” alisema jioni moja.

Afande alitafuna akamaliza, akameza. “Anakokwenda yeye, naenda na mimi.”

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Fundi. Alieleza kwamba kwa miaka minane ya mwisho ghalani hakukuwa na mwingine aliyesikia sauti yake kazini ila mbwa yule, na kwamba mtu hamtupi mwenzake kwa sababu tu yeye amepata pazuri. Fundi naye hakuweza kumlaumu, maana kama angeambiwa yeye amtoe Pamba, angejibu hayohayo, tena kwa maneno makali zaidi. Hakuna aliyetaka wafike pale, na hakuna aliyejua namna ya kurudi bila kuonekana ameshindwa. Wote wawili walikuwa watu wazima na wote wawili wabishi.

Afande akachukua likizo ya wiki mbili kutafuta chumba kinachopokea mbwa. Kisha akaleta begi lake dukani. Zipu haifungi, alisema, hawezi kupita njiani nguo zinamwagika. Fundi akamwambia aweke hapo.

Sasa zipu ni kazi gani kwa fundi yule? Chai haijachemka ameshamaliza. Ile ilimchukua Jumatatu nzima kufumua ya zamani. Jumanne alinunua mpya, ndefu, ile inayokatwa kwa kipimo, lakini akaona rangi haiendani, akaiweka pembeni kuitafakari. Jumatano akaishona, akasema imepinda, akaifumua. Afande aliona yote hayo. Na yeye mwenyewe, msimwonee huruma sana, hakuwa ametafuta chumba chochote. Kila asubuhi alikaa kwenye stuli pale dukani akisema wenye nyumba bado hawajaamka, na ilikuwa saa nne.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Alhamisi, kwa mara ya kwanza tangu waoane, Afande alikuwepo mteja alipoingia. Alikuwa mwalimu wa chekechea, amekuja kupima gauni lake la harusi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni lililovikwa kwenye sanamu la mbao, pini nane mdomoni. Afande alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Mwalimu alisimama mlangoni, akasema kwa ile sauti ya kufundishia watoto, “Shikamoo mama. Shikamoo baba.”

“Mm,” akajibu Fundi.

Afande hakujibu papo hapo, kwa sababu alikuwa anamtazama Pamba. Paka, aliyeanza kushuka tena tangu Afande akae dukani, alikuwa ameruka juu kabla mbwa hajainua hata sikio. Ndipo Sajini akainuka, akamfuata aliyekimbia, stuli ikaanguka, chai ikamwagika, miguu ya mbele ya mbwa ikagonga kabati. “Marahaba,” akasema Afande. Sajini akakaa palepale.

Fundi alidhani hatimaye mumewe amekumbuka adabu. Lakini Afande alikuwa amesimama na uso wa mtu aliyefika safarini akakumbuka aliacha jiko linawaka. Alimwomba mwalimu, kama hatajali, atoke nje aingie tena na asalimie vilevile. Mwalimu, ambaye anaishi na watoto wa miaka minne na kwake hakuna ombi la ajabu, alitoka akaingia. Shikamoo baba. Paka kule juu akakimbilia ukutani, mbwa mbio. Marahaba. Mbwa chini. Akaombwa mara ya tatu aingie na kusema habari za asubuhi. Akasema. Sajini alipiga miayo.

“Toa pini mdomoni,” Afande akamwambia mkewe. “Njoo jikoni.”

Jikoni alifunga mlango, akafunga dirisha, akafungulia bomba ili maji yapige kelele. Kisha akamsogelea mkewe sikioni, na kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali akamweleza kuhusu neno la mbwa. Kila mbwa wa lindo ana neno la kumtuma na neno la kumzuia. Walinzi wengine hutumia shika, hutumia kamata, na wezi wote wanayajua, wanajua na ya kuzuia. Yeye alikaa akafikiri, akachagua neno ambalo hakuna atakayelisema ghalani usiku. Sajini akilisikia, hamgusi aliyesimama; humfuata anayekimbia. Neno la kumtuma ni shikamoo. La kumzuia ni marahaba.

Fundi alizihesabu pini kiganjani.

“Neno lako la siri,” alisema, “naambiwa na mtaa mzima kuanzia saa mbili asubuhi.”

“Mwizi hasalimii,” Afande akajitetea.

“Na mimi nina pini mdomoni.”

Akaona yote kwa mpigo mmoja: siku za amani ndizo siku alizojibu, siku za vita ndizo siku za “mm”, mpaka ateme pini na kuitikia. Miezi miwili mizima watoto wenye adabu walikuwa wanamtuma mbwa kazini, na mbwa wa watu, mtiifu, anakwenda. Na Pamba, ambaye hakufundishwa na mtu, alishalijua lile neno kuliko wote. Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akataka kuuliza kwa nini mwanamume mwenye akili zake amfiche mkewe kitu kama hicho.

Afande akajibu kabla hajaulizwa. Alisema kwa walinzi wa zamani neno la mbwa huambiwa mtu mmoja tu, yule atakayebaki na mbwa siku mwenyewe hayupo. “Sikuwahi kuwa na mtu wa kumwambia,” alisema, huku anafunga bomba.

Fundi aliacha kucheka. Aliona haya, akafurahi, akataka kulia, vyote kwa pamoja, akiwa juu ya ndoo. Mwalimu akagonga mlango taratibu, akauliza kama arudi siku nyingine.

Ungedhani yameisha, lakini kuna midomo iliyozoea pini tangu ujana. Fundi alijishonea kimto cha pini, akakivaa mkononi kama saa, akaapa. Baada ya saa moja pini zilikuwa mdomoni, na Pamba juu ya kabati. Siku ya pili hivyohivyo. Ndipo Afande akasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba Sajini atafundishwa upya. Neno litabaki, maana yake ibadilike. Alisema pia, akitazama tochi yake ukutani, kwamba mbwa akishafundishwa hivyo haharibiki nusu. Hatakuwa tena mbwa wa kazi. Fundi alirudi kwenye cherehani. Alijua linalosemwa si la mbwa peke yake, ni la mlinzi pia, na halikuwa jambo la yeye kumkubalia wala kumkatalia.

Afande akakata nyama vipande vidogo, akajaza kopo, akakaa kwenye stuli. Anayeingia akisema shikamoo, Sajini kabla hajaruka anaona kipande cha nyama chini ya pua yake. Shikamoo, kaa, kula. Pamba naye alipewa chake kulekule juu ya kabati, kesho yake kikashushwa kwenye rafu, keshokutwa mezani, kisha kwenye stuli. Hakuvutwa, hakubebwa, nyama ndiyo iliyoshuka, yeye akaifuata. Kazi ilihitaji salamu nyingi, na habari ikaenea. Watoto wa mtaa walipanga foleni kusalimia. Fundi hakuwahi kuheshimiwa namna ile maishani. Akaja hadi mzee mmoja aliyemzidi Fundi kwa miaka ishirini, akasimama mlangoni na fimbo yake, akasema shikamoo kwa furaha, na kusubiri aone.

Likizo ilipokaribia kwisha, ukisema neno lile unawapata wote wawili wamekaa chini bega kwa bega, mbwa na paka, wanakutazama mikono. Pamba alirudisha unene, na maringo yakarudi na riba. Begi la Afande lilikuwa bado pembeni ya cherehani, mdomo wazi. Hakuna aliyeliulizia. Pamba alianza kulala ndani yake, na Sajini akalaza kidevu ukingoni.

Siku ya mwisho ya likizo aliingia kijana nadhifu, shati limechomekewa. “Shikamoo mama, shikamoo baba,” alisema, vizuri kabisa. Fundi akasema mm. Sajini na Pamba wakakaa. Kijana akatabasamu, akanyoosha mkono mezani, akanyakua suruali iliyokuwa inashonwa, na huyo, mbio.

Miaka kumi na minne haimtoki mtu kwa wiki mbili. Afande aliruka hadi mlangoni, akajaza mapafu, akamnyooshea kidole mwizi anayetokomea, akanguruma kwa sauti iliyotikisa kioo: “Shikamoo!”

“Marahaba,” wakaitika wazee watatu wa upande wa pili wa barabara.

Afande aligeuka nyuma. Sajini alikuwa amekaa miguuni pake, mgongo wima, Pamba ubavuni, wote wawili wanatazama kopo la nyama. Kule mwisho wa barabara mwizi alikata kona, mguu mmoja wa suruali umeshonwa, wa pili unapepea.

Fundi alitema pini mkononi. Aliogopa. Alikuwa tayari kusema itashonwa nyingine, mteja ataelewa, chochote, ilimradi asione uso ule ukianguka. Mtu ambaye hakuibiwa hata msumari ameibiwa mchana kweupe, mbwa wake akitazama.

“Alisalimia,” akasema Afande.

“Alisalimia,” Fundi akakubali.

Afande aliinama, akafungua kopo, akampa Sajini kipande, akampa Pamba kipande. Alikaa kwenye stuli. Mabega yakaanza kumtikisika, na Fundi akachelewa kidogo kuelewa kwamba anacheka. Alipomaliza akajifuta macho, akauliza suruali ile ilikuwa imefikia wapi. Fundi akasema mguu mmoja, mifuko, na zipu. Halafu akatazama pembeni. Zipu aliikata kwenye ile ya begi, alisema. Ilikuwa inakaa bure.

“Kwa hiyo zipu yangu imekwenda na mwizi.”

“Imekwenda. Kilichobaki hakitoshi begi.”

Afande alilitazama begi lililojaa manyoya meupe na ya kahawia. Akamkuna Sajini nyuma ya sikio.

“Usinunue nyingine,” alisema.